Ziwa moja kwenye karatasi

Usiku wa giza, ukisimama ufukweni Mwisenge na kutazama taa za wavuvi wa dagaa, waweza kuapa kwamba ziwa hili halina ng'ambo.

Mwaka 1856 Ulaya ilisoma ramani ya wamisionari wawili Wajerumani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Walikaa pwani, wakawauliza watu wa misafara. Kila mmoja, kwa njia yake, alisema bara huishia kwenye maji makubwa. Wakachora ziwa moja refu, umbo la konokono asiye na nyumba. Kumbe ni matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Hakuna shahidi aliyesema uongo. Umbo la ziwa letu walilipata baada ya Stanley kulizunguka kwa mashua mwaka 1875.

Wapendwa, nami nimechora ramani ya namna hiyo. Waumini watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia kuhusu mjane mmoja: kuna mwanamume analala kwake, anamnunulia nguo, haji tena Misa. Nikaunganisha. Nikamzuilia Komunyo.

Kipofu wa Bethsaida alipoona watu kama miti, Bwana alimgusa tena. Mimi sikungoja mguso wa pili.

Miezi ikapita ndipo nikaenda. Nilimkuta anamlisha uji kaka yake, mgonjwa aliyeletwa kutoka visiwani. Akanipa kigoda.

"Karibu, Baba. Kumbe unapajua hapa."

Kutoka parokiani ni mwendo wa dakika 10.