Wa Kwanza Kwenye Barafu

Huku Miyuji, Tanzania, mpira ni wa miguu na uwanja ni vumbi jekundu. Barafu tunaijua ya kwenye friji. Hata hivyo, waliovunja ubaguzi katika mpira wa magongo wa barafuni wanatuhusu, na mmoja wao ana damu ya jirani zetu.

Aliyecheza muda mfupi kuliko wote ni Larry Kwong, Mkanada mwenye asili ya China. Tarehe 13 Machi 1948 New York Rangers walimweka benchi karibu mechi nzima, wakamwingiza kwa dakika moja hivi. Hakuitwa tena. Kwangu hiyo ndiyo rekodi inayouma kupita zote.

Aliyebeba siri nzito ni Willie O'Ree, mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani na Kanada, tarehe 18 Januari 1958, Boston Bruins walipoishinda Montreal 3-0. Jicho lake la kulia lilishapigwa na kisahani cha mchezo, likapofuka. Naye alikuwa winga wa kushoto! Pasi zilimjia upande wa jicho bovu, ikambidi ageuze shingo nzima kuzitafuta, huku mabeki wakimvamia na mashabiki wakimtukana kwa rangi yake. Wangejua haoni, wangemwondoa, kwa hiyo alinyamaza. Alicheza mechi 45, akafunga mabao 4. Alipoondoka NHL mwaka 1961, mweusi aliyefuata, Mike Marson, aliingia mwaka 1974. Miaka 13 mlango ulirudishwa.

Mweusi wa kwanza kutwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, ni golikipa Grant Fuhr, mwaka 1984.

Kisha wa kwetu: Johnny Oduya, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1981, mama Mswidi, baba Mkenya. Alilitwaa kombe hilo mara 2 na Chicago Blackhawks, 2013 na 2015. Majina ya mabingwa hugongwa kwenye kombe lenyewe, herufi moja moja, na la Oduya limo.

Nje ya barafu, Tanzania ilicheza mpira wa magongo wa uwanjani Olimpiki mara moja tu, Moscow 1980. India ilitufunga 18-0. Mwaka huohuo wanawake wa Zimbabwe walichukua dhahabu, miezi michache baada ya uhuru wao, na kikosi kizima kilikuwa cha Wazungu. Cha kwetu kilikuwa na akina Gracias na Singh, pamoja na akina Rajabu na Sykes.