Haki ya Aliyeumizwa kwa Uzembe (Sehemu ya Nne): Maskini wa Paisley na Mgonjwa Wetu

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imelirudisha magazetini jambo ninalolipigania tangu ujana: maskini anaweza kumshitaki mwenye mali, na akashinda. Walionifuata tangu sehemu ya kwanza, kutoka Kagondo hadi Bukoba mjini, wanajua tofauti ya jinai na madai. Sitairudia; leo nawaletea kesi ya maskini mmoja wa namna hiyo.

Jioni ya tarehe 26 Agosti 1928, May Donoghue, mhudumu wa duka, aliingia mkahawani mjini Paisley, Scotland. Rafiki yake akamnunulia soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi kilichomo. Akanywa, iliyobaki ilipomiminwa, kwa maelezo yake, yakatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Akaugua. Sasa amshitaki nani? Soda hakuinunua yeye, na mtengenezaji, David Stevenson, hakuwa na mkataba naye. Sheria ya siku zile ilikuwa ikimfungia mlango.

Wakili wake, Walter Leechman wa Glasgow, alikuwa ametoka kushindwa katika kesi ya panya aliyekutwa ndani ya chupa ya soda. Wiki tatu hazijaisha, akaifungua hii. Mawakili wa namna hiyo ndio ninaowaheshimu! Shauri lilipofika kwenye Baraza la Malodi mjini London, Donoghue aliapa kwamba mali yake yote haifiki pauni 5, akaruhusiwa kuendesha rufaa kama fukara. Tarehe 26 Mei 1932, majaji watatu dhidi ya wawili walimpa haki ya kusikilizwa. Mmoja wa hao watatu, Lodi Atkin, alijenga hoja yake juu ya swali ambalo waumini wa parokia zetu wanalijua kutoka Injili ya Luka, nalo liliulizwa na mwanasheria: jirani yangu ni nani? Akajibu kwamba kisheria ni kila mtu ambaye ungepaswa kuona mapema kuwa tendo lako, au kutotenda kwako, kunaweza kumdhuru. Stevenson alifariki mwaka huohuo, shauri likamalizwa kwa mapatano, na konokono hakuthibitishwa kamwe.

Sisi Watanzania tulirithi sheria za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kabla ya hukumu hiyo. Hata hivyo mahakama zetu zimeipokea kanuni yake, na madai ya uzembe nchini yamejengwa juu yake.

Basi tumtazame mgonjwa wetu wa hapa nyumbani. Lori bovu la mchanga limemgonga, au kaanguka kwenye jukwaa la ujenzi lililofungwa ovyo. Uti wa mgongo umeumia, miguu haina hisia. Ndugu wanasema ni mipango ya Mungu. Mungu hakumtuma mtu kuendesha gari lisilo na breki, na kumsingizia ni dhambi. Kisha mwenye lori analeta fedha kidogo, wazee wanaweka saini, yamekwisha. Hayajaisha: kuna mpira wa mkojo, vidonda vya kulalia, kiti cha magurudumu, na mke aliyeacha migomba ili amgeuze mumewe usiku na mchana.

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 tangu kuumia. Kupooza miguu hakusimamishi hesabu hiyo. Ikidaiwa serikali, notisi ya siku 90 hutangulia. Aliyeumia kazini aanze na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaofanya kazi tangu 2015. Kwa ajali ya gari, iulizwe bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima. Kampuni ya bima ikikwepa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Zitunzwe fomu ya polisi (PF3), karatasi za hospitali, picha za eksirei na kila risiti, kwa sababu gharama isiyothibitishwa hailipwi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na asiye na uwezo anaweza kuomba kusamehewa ada za mahakama. Ndugu msomaji, kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, tazama leo tarehe ya ajali, kusanya karatasi zake, na usimruhusu mtu yeyote kusaini mapatano kabla mwanasheria hajayasoma.