Simu ni Ala, Mtunzi ni Nani?

Muhula uliopita nilialikwa katika shule moja ya upili kusikiliza nyimbo ambazo wanafunzi walikuwa wamezitunga wenyewe kwa simu ya mwalimu wao. Mvulana wa kwanza alipobonyeza kitufe, ngoma zililia, besi ikanguruma, gitaa likaitikia, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Akafuata msichana. Wimbo wake haukuwa umefika hata nusu dakika minong'ono ilipozuka: ngoma ni zile zile, gitaa ni lile lile! Mvulana akapaza sauti kwamba ameibiwa. Msichana akarejea kitini machozi yakimlengalenga.

Kumbe hakuna aliyemwibia mwenziwe. Wote wawili walikuwa wamechota katika ghala moja. Programu za kutungia muziki, kama vile GarageBand, BandLab na FL Studio Mobile, huja na vipande vya muziki vilivyorekodiwa tayari, ambavyo mtumiaji huvipanga na kuvirudia apendavyo. Aghalabu anaruhusiwa kuvitia katika wimbo wake, hata ule wa kuuza, mradi asiviuze vyenyewe kama vilivyo. Lakini kilicho halali kwangu ni halali kwa mamilioni ya wengine pia. Nyimbo mbili zikifanana namna hiyo, si ajabu kila mtunzi akamshuku mwenziwe.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la simu, na kwamba muziki wa kweli hutungwa kwa kinanda na karatasi. Mimi sikubaliani nao. Simu ya leo humwezesha mtu mmoja kunasa sauti, kisha akaisikiliza huku akinasa ya pili juu yake, na ya tatu, hadi akawa bendi nzima peke yake. Zamani kazi hiyo ilimlazimu msanii alipie saa za studio, na wengi wenye vipawa walikwamia hapo. Steve Lacy, kijana wa mji wa Compton huko Marekani, aliunganisha gitaa lake na simu na kuanza kutunga. Alishiriki kutayarisha wimbo wa Kendrick Lamar uitwao PRIDE., ambao muziki wake aliutengeneza kwa simu hiyo. Wimbo huo umo katika albamu ya DAMN. ya mwaka wa 2017, na mwaka wa 2018 albamu hiyo ilitunukiwa tuzo ya Pulitzer ya muziki. Hata hivyo, tusisahau kwamba Lacy alikuwa mpiga gitaa kabla ya kuishika simu. Vidole vilivyokwaruza nyuzi vilikuwa vyake.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kila chombo humfanyia mtumiaji baadhi ya maamuzi, na asipoyatambua, chombo ndicho kinachotunga. Ukianza wimbo mpya katika GarageBand, utaikuta imekwisha kukuwekea mapigo 4 kwa kila kipimo na mwendo wa mapigo usiouchagua wewe. Vitufe vya kinanda chake hugawa oktavu katika sauti 12 zenye nafasi sawa. Isitoshe, programu hizi zina uwezo wa kunyoosha mapigo: ukichelewa kidogo kuipiga ngoma, pigo lako husogezwa hadi likae mstarini. Mipangilio mingi ya aina hiyo inaweza kubadilishwa, lakini asiyejua kwamba ipo atawezaje kuibadilisha?

Hebu tumtazame mpiga nyatiti wa Kijaluo. Huketi juu ya kigoda, vidole vikikwanyua nyuzi 8, pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga ubao wa ala, njuga zikilia mguuni, na kinywa kikiimba. Huyo naye ni bendi ya mtu mmoja, tena bila umeme. Nyuzi zake huzikaza zipatane na sauti yake mwenyewe. Kadhalika, katika taarabu ya pwani yetu, baadhi ya mahadhi yenye asili ya Kiarabu yana sauti zinazoangukia katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Udi huzifikia kwa sababu shingo yake haina vigawanyo. Mwanafunzi aliyelelewa katika sauti hizo akizinyoosha ili zilingane na mistari ya simu, atakuwa amefuta kwa kidole kimoja yale aliyoyarithi, na huenda asijue kamwe kwamba ameyafuta.

Nawasihi walimu basi wasiitupe simu, wala wasimwachie mwanafunzi aitumie kama kasuku. Simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima. Zoezi la kwanza liwe kunasa sauti zilizo karibu: kinu kikitwangwa, kengele ya shule, makofi, zumari ikipatikana. Zoezi la pili liwe kupiga ngoma kwa mkono, kuisikiliza ilivyo, kisha kuinyoosha kwa programu na kuisikiliza tena. Wanafunzi wenyewe waeleze kilichoongezeka na kilichopotea. Hatimaye, kila anayewasilisha wimbo aandike chini yake kipi amekitunga, kipi amekinasa na kipi amekichota ghalani. Anayekiri alipochota haoni haya mbele ya watu, na mwalimu naye hupata msingi wa kutoa alama kwa haki.

Siku ile mwalimu wa shule niliyoitembelea alifanya jambo la busara. Hakumkemea yeyote. Alimwita tena msichana yule na kumuuliza, 'Katika wimbo huu, kipi ulichokichagua wewe?' Msichana akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba ni maneno na sauti ya kuimbia. 'Basi tuimbie hicho,' mwalimu akamwambia. Akaimba bila ngoma wala gitaa, na sauti yake ikapinda mahali ambapo kitufe cha kinanda kisingeweza kuifuata. Mvulana aliyemshutumu ndiye aliyeanza kumpigia makofi ya kumfuatisha. Simu ilikuwa palepale mezani, na wakati huo ndipo ilipostahili kuwashwa ili inase.