Mdundo Unaoonekana kwa Macho

Tukisikia neno mdundo, mara moja tunafikiri ngoma. Lakini macho nayo yana mdundo wao. Tazameni kikwembe mlichovaa leo: ua, nafasi, ua, nafasi. Jicho linatembea, linapumzika, linaendelea. Pasipo nafasi ni vurugu tu. Pasipo mabadiliko jicho linachoka. Basi mdundo katika sanaa una mambo matatu: kurudia, kuacha nafasi na kubadilisha.

Katika nchi yetu, mabingwa wa kazi hiyo ni wamama Wakuba wa Kasai. Wanaume ndio wanaofuma kitambaa cha rafia. Kinatwangwa mpaka kinalainika, kisha wamama wanakitarizi. Mama anapitisha uzi kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, anauvuta, anaukata kwa kisu kidogo. Hafungi fundo, ufumaji wenyewe unaushika uzi. Ncha hizo zikijaa, kitambaa kinakuwa mororo kama manyoya, na ndiyo sababu kinaitwa veluru ya Kasai.

Fundi hachori kwanza, anatarizi kutoka kichwani. Anarudia mistari yenye pembe, halafu ghafla anapanua mmoja, anageuza rangi au anakata njia. Ni kama mpiga ngoma anayebadilisha mkono huku wachezaji wakiendelea. Kitambaa kimoja kinaweza kuchukua miezi.

Mchoraji Mfaransa Henri Matisse (1869–1954) alikusanya vitambaa hivyo na kuvitundika ukutani mahali pake pa kazi. Makumbusho ya Ulaya na Marekani nayo yanavihifadhi. Lakini kwa vingi, jina la mama aliyetarizi halikuandikwa. Limebaki jina la kabila tu. Hapo ndipo tunaumia. Leo viwanda vinachapa nakshi hizo juu ya nguo na mito, na muuzaji anapata faida bila kumjua mama ambaye vidole vyake vilizibuni.

Sisi tufanye nini? Kwanza, kila anayetarizi, anayesuka mikeka au vikapu, aweke jina lake na la kijiji chake kwenye kazi kabla ya kuiuza. Pili, tuwaulize bibi zetu majina ya nakshi wanazozijua, tuyaandike katika daftari. Tatu, tuwafundishe watoto, wasichana na wavulana. Mpe mtoto maharagi na mahindi juu ya mkeka: maharagi mawili, hindi moja, nafasi. Arudie mara tano, kisha abadilishe kitu kimoja, aseme jicho lake limesimama wapi. Atajifunza mdundo na kuhesabu pia.

Wakuba wana desturi ya kuwazika wafu wao pamoja na vitambaa hivyo. Kitambaa kizuri kinaingia ardhini, na kinachobaki ni mikono ya waliofundishwa. Wamama, kitambaa kiende kaburini, lakini ujuzi usiende nacho.