Lenzi Kabatini, Siri Ndani ya Ndoa

Kupiga picha ni raha, tena ni raha ya wawili. Ila vifaa vyake vinakula hela kimyakimya. Mhariri wako leo anakiri kosa lake, halafu anakupa mambo ambayo laiti angeyajua mapema.

Hebu niambie ukweli, msomaji wangu. Umewahi kununua kitu, mwenzako akakuuliza bei, ukamtajia bei nyingine? Kiatu, simu, pochi? Usione haya, hapa si polisi. Mimi nimewahi. Na kitu chenyewe hakikuwa kiatu wala pochi. Ilikuwa lenzi ya kamera.

Ilikuwa 2019, mwanzoni mwa mwaka. Nilikuwa na kamera yangu ya kujifurahisha pamoja na ile lenzi inayokuja nayo kwenye boksi, 18-55. Kila wikiendi nilikuwa nayo begani: leo Coco Beach, kesho Bagamoyo, keshokutwa kipaimara cha mtoto wa shoga yangu. Basi nikaanza kuziangalia picha za wenzangu. Mtu anaonekana mbele vizuri, nyuma kumefifia, kama jalada la gazeti. Za kwangu kila kitu kinaonekana, hadi ndoo ya jirani. Nikajiambia, tatizo si mimi, tatizo ni lenzi.

Nikampata jamaa anauza 70-200 iliyotumika, lile dude la kilo moja na nusu unaloliona kwa wapiga picha wa mpira uwanjani. Bei: shilingi milioni mbili na laki sita. Hela nikaitoa kwenye akiba yetu ya kiwanja. Baba Junior aliponiuliza nimenunua bei gani, nikamjibu bila kupepesa macho, "Laki sita." Yaani niliacha milioni mbili tu.

Sasa kitu cha uongo ukishakileta ndani lazima ukifiche. Nikaifunga lenzi kwenye mfuko wake, nikaisukuma chini kabisa ya kabati, juu nikapanga khanga. Na ukweli ni kwamba hata nilipotaka kuitumia ilinisumbua. Kwenye kamera ndogo kama yangu, milimita 70 zinavuta kama milimita 112. Kumpiga mtu sebuleni nilitakiwa nirudi nyuma hadi nigonge ukuta. Masika ikaja, ikapita, lenzi imelala kabatini.

Mwezi wa sita nikaitoa. Nikamulika na tochi ya simu. Ndani ya vioo kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe, kama utando wa buibui. Kuvu. Fundi akataka laki tatu kuisafisha, tena akanionya kwamba alama nyingine hazitatoka kabisa. Laki tatu sikuwa nazo. Ikabidi niseme yote.

Baba Junior hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mama Junior, hela si tatizo. Ungeniambia, labda ningesema tununue. Sasa hivi najiuliza, mengine ni yapi?" Wiki tatu nzima nyumbani kwetu zilikuwa za "umeamkaje" na "chakula tayari", basi.

Tuliiuza lenzi ile na kuvu lake, tena kwa kumwonyesha mnunuzi kila kitu, kwa milioni moja na laki mbili. Hasara yake unaiona mwenyewe. Ndiyo maana leo nakuandikia haya, wewe na mwenzako, kabla hamjafika tulikofika sisi.

JUA UNALIPIA NINI

Watu wengi wakitaka picha nzuri wanakimbilia kubadilisha kamera. Wapi! Kwenye hobi hii, lenzi na mwanga ndivyo vinavyobadilisha picha haraka zaidi. Na lenzi ya kwanza ya kununua si ile ndefu. Ni 50mm yenye f/1.8.

Hiyo f ni nini? Ni kipimo cha tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya boksi ukiivuta hadi milimita 50 au 55 inafunguka kufikia f/5.6 tu. Ile ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake, usiku kwenye sherehe unapiga bila flashi ya kuwapofua watu, na nyuma ya mtu kunafifia vile unavyopenda. Canon wamekuwa na lenzi ya aina hii ya bei ya chini tangu 1990, na ile waliyoitoa 2015 iliingia sokoni Marekani kwa takriban dola 125. Nikon nao wanayo ya kwao. Haivuti: ukitaka karibu, sogea kwa miguu yako. Na hilo ni somo zuri, maana linakulazimisha umkaribie mtu na uongee naye.

Ukinunua iliyotumika, sikiliza. Tangu 2018, Canon na Nikon walipoanza kuleta lenzi za mfumo mpya kwa ajili ya kamera zao kubwa zisizo na kioo ndani, watu wengi wameuza vifaa vya zamani, kwa hiyo bei poa zipo. Ila usitoe hela kabla hujafanya haya: mulika tochi kupitia vioo ukitafuta kuvu na mikwaruzo, zungusha kila pete uone haikwami, na ifunge kwenye kamera yako mwenyewe upige picha kumi hapohapo. Wa Nikon muwe makini zaidi. Lenzi zao za zamani zisizo na mota ndani hazitafuti fokasi zenyewe kwenye kamera kama D40 na zile za mfululizo wa D3000 na D5000. Utazungusha kwa mkono hadi uchoke.

KAMERA HAIJUI RANGI YETU

Umeshawahi kuona picha ya harusi, shela linang'aa, bibi harusi mwenyewe uso hauonekani? Si kosa la bibi harusi. Kamera inapopima mwanga inadhani kila kilicho mbele yake kina weupe na weusi wa wastani. Ikikutana na shela kubwa jeupe inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama gizani. Kinyume chake, mtu mweusi akivaa suti nyeusi akajaa kwenye picha, kamera inaongeza mwanga hadi ngozi inapauka.

Jambo hili lina historia. Enzi za filamu, maabara nyingi zilipanga rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, na kwa miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi hizo alikuwa mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo.

Dawa yake ni rahisi. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye shela, panda kidogo, theluthi mbili hadi moja nzima. Kwenye suti nyeusi, shuka kidogo. Pima mwanga kwenye uso, si kwenye nguo. Na jua la saa saba mchana likimbie: mpeleke mtu wako barazani, chini ya mwembe au mlangoni, mwanga uje kwa ubavuni. Utashangaa.

CHUMVI, JOTO NA KUVU

Sisi wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa tuna adui ambaye watengenezaji hawamsemi sana kwenye matangazo. Kuvu linapenda giza, unyevu na hewa isiyotembea. Yaani kabati langu.

Nunua sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana. Weka vile vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo. Lenga kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikishalowa, ikaushe au ibadilishe. Na muhimu kuliko yote, tumia lenzi zako, zipate hewa na mwanga.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, usiitoe kamera papo hapo. Iache ndani ya begi nusu saa ipate joto polepole, la sivyo vioo vitajaa umande. Ukitoka ufukweni, puliza mchanga kwanza kabla hujafuta. Ukifuta na mchanga unapiga msasa kioo cha laki kadhaa.

PROGRAMU BILA WIZI

Hapa najua wengi tumepita: ile CD ya Photoshop ya elfu tano, ikaja na virusi, kompyuta ikafa. Photoshop ni ya tangu 1990 na ni nzuri, sikatai. Lightroom, iliyoanza 2007, ndiyo inayopendwa na wenye picha nyingi, ila toleo la 6 la mwaka 2015 lilikuwa la mwisho kuuzwa kwa kulipa mara moja. Siku hizi unalipa kila mwezi. Kama picha hazikuingizii hela, huo ni mzigo usiouhitaji.

Za bure zipo, tena za halali. GIMP ni ya kurekebisha picha mojamoja. Darktable na RawTherapee ni za kusafisha picha za RAW. Kwenye simu, Snapseed inatosha kabisa kwa anayeanza. Ukiweza, piga kwa RAW badala ya JPEG. JPEG inahifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ule uso uliozama gizani, kwenye RAW bado kuna cha kuokoa.

Ila jamani, tuwe na kiasi. Shoga yangu mmoja aliletewa albamu ya harusi amefanywa mweupe hadi bibi yake akauliza, "Huyu mgeni ni nani?" Alicheka, lakini baadaye aliniambia iliuma. Ondoa chunusi, maana kesho itaondoka yenyewe. Rangi ya mtu na kovu lake la utotoni viache.

PICHA YA MAMA

Kwa ile hela tuliyouzia tulikaa mezani, mimi na Baba Junior. Nyingi ikarudi kwenye kiwanja. Laki tatu na nusu ikanunua 50mm mpya, na safari hii tulikwenda dukani wote wawili.

Desemba 2020 tulikuwa Lushoto kwa mama mkwe. Asubuhi moja alikaa kwenye mlango wa jikoni anachambua maharage, mwanga wa nje unampiga shavuni. Nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha." Akasema, "Marahaba mwanangu, ila usinipige nikiwa hivi." Nikampiga akiwa hivyohivyo, anacheka.

Mama alitutoka 2022. Kwenye msiba ikatakiwa picha kubwa ya kuweka mbele. Shemeji alikuwa nayo ile ya maharage, lakini ilikuwa imepitia WhatsApp, imebanwa, na ilipokuzwa uso ukawa vipande vipande. Ile halisi ilikuwa kwangu, kwenye hadi diski, na nakala nyingine kwa dada yangu Morogoro. Tukaichapa usiku huohuo. Baba Junior ndiye aliyeibeba.

Kwa hiyo nakuomba: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Usitegemee simu peke yake. Hata Google Photos, waliokuwa wakitunza picha bila kikomo, tangu Juni 2021 wanahesabu kila picha mpya kwenye GB 15 za bure. Na ukifuta picha kwenye memori kadi kwa bahati mbaya, acha kuitumia kadi hiyo mara moja, kisha jaribu PhotoRec, programu ya bure inayoweza kuzirudisha.

KABLA HAMJANUNUA

• Wekeni kiwango. Chini ya hapo kila mtu anunue bila kuuliza, juu ya hapo mzungumze kwanza.
• Hobi iwe na fungu lake. Hela ya kiwanja, ada na matibabu isiguswe.
• Azima au kodi lenzi kwa wikiendi moja kabla ya kuinunua. Mimi ningejua mapema kwamba sebule yangu ni ndogo.
• Bei itajwe kamili, na risiti ionekane.
• Mfundishe mwenzako kupiga. La sivyo, miaka kumi ijayo albamu yenu itakuwa na kila mtu isipokuwa wewe.

Tuliporudi Dar baada ya arobaini, Baba Junior aliiweka ile picha ukutani sebuleni. Akasimama anaitazama. Halafu akaniuliza, bila kugeuka, "Hii lenzi iliyompiga Mama, tulinunua bei gani vile?"

"Laki tatu na nusu."

"Kweli?"

"Kweli. Risiti ipo kwenye droo."

Hakwenda kuiangalia.