Darubini Ndogo ya Bunduki

Je, wajua kwamba bila lenzi zake za katikati, darubini ya bunduki ingekuonyesha kulungu miguu juu? Lenzi ya mbele hukusanya mwanga lakini huipindua taswira. Za katikati ndizo zinazoisimamisha tena. Unapozungusha pete ya kukuzia, unazisogeza hizo.

Katika misitu ya Pennsylvania, Marekani, kulungu mkia-mweupe hujitokeza kati ya miti akiwa karibu, mara nyingi alfajiri au jioni kiza kikianza kuingia. Hapo mwindaji anahitaji mwanga kuliko ukuzaji, na namba zilizoandikwa kwenye darubini humweleza atapata kiasi gani. Chukua 4x32: inakuza mara 4, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 32. Gawanya 32 kwa 4, unapata 8. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwale unaofika jichoni. Mboni ya kijana gizani hupanuka hadi milimita 7 hivi, na umri ukisogea hupanuka pungufu ya hapo. Kwa hiyo darubini hii ndogo tayari inalipa jicho mwanga wote linaoweza kuupokea.

Ukipandisha 2-7x32, yaani inayokuza mara 2 hadi 7, mpaka 7, mwale unabaki milimita 4.6 na picha inafifia. Yenye lenzi ya mbele ya milimita 50 ingesaidia, ila ni nzito, ni ghali, na hufungwa juu mno hadi shavu linaachana na kitako cha bunduki. Mimi ningechukua ile ndogo bila kusita, fedha inayobaki niiweke kwenye uimara.

Uimara huanza na kuzibwa vizuri. Marcus Leupold wa Oregon alimkosa kulungu kwa sababu darubini yake ilishika ukungu. Mwaka 1947 kampuni yake ikatoa darubini ya Plainsman, iliyozibwa unyevu usipenye. Siku hizi hata za bei nafuu hujazwa nitrojeni kavu.

Dukani, toka nayo nje jioni, usiipime chini ya taa. Hakikisha unaona picha nzima jicho likiwa sentimita 9 hivi nyuma yake, la sivyo bunduki ikirudi nyuma itakupasua nyusi.

Kisha kwenye uwanja wa shabaha piga risasi moja. Zungusha virekebishi vya darubini mibofyo 20 kulia, piga, 20 juu, piga, 20 kushoto, piga, 20 chini, piga tena. Risasi ya mwisho isipoangukia karibu na ya kwanza, irudishe dukani.