Kabla ya Kumhamisha Mzazi kwa Barabara

Nyumba ya kijijini imefungwa, kuku wamegawiwa majirani, na gari linangoja nje ya boma. Mama au baba yako, aliyeishi mahali pamoja kwa miaka 70, anahamia kwako mjini. Godoro limefungwa juu ya gari, na wewe unapiga hesabu ya barabara: ukitoka Webuye saa kumi na moja alfajiri, Nairobi utafika adhuhuri, na Mombasa utaingia usiku kabla watoto hawajalala. Umepima mafuta na umekagua magurudumu. Je, msomaji, umemkagua abiria?

Mimi sikumkagua. Miaka sita iliyopita nilimchukua mama yangu kutoka Bungoma hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 800, kwa siku moja. Alikuwa na umri wa miaka 71 na alitumia dawa za presha, moja ikiwa ile inayojulikana kama dawa ya maji. Nilimpa mwenyewe alfajiri, kwa mikono yangu. Tulipofika Nakuru alishuka mara moja kwenda chooni, akakuta foleni ndefu na sakafu iliyolowa. Kuanzia hapo kila nilipompa maji alijibu, "Niko sawa, mwanangu, wewe endesha." Naivasha alikunywa nusu kikombe cha chai. Mtito Andei hakushuka kabisa. Tulipokaribia Changamwe alikuwa akiniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani.

Usiku ule niliumaliza kando ya kitanda chake, yeye akitundikiwa maji. Mdomo ulikuwa mkavu kama karatasi na presha ilikuwa imeshuka mno. Alipona. Lakini sababu ya kukataa maji hakuniambia mimi. Alimwambia binti yangu wiki mbili baadaye. Angewezaje kumwambia mwanawe wa kiume asimamishe gari kila saa ili yeye akajisaidie?

HESHIMA NA MAJI

Yafaa ujue kwanza kwamba mwili wa mzee hausemi kiu kama wa kijana. Kadiri umri unavyosonga, ubongo huchelewa kutambua kwamba maji yamepungua, na figo nazo hupoteza uwezo wa kuyahifadhi. Mtu wa miaka 75 anaweza kukaukiwa huku akikuambia kwa ukweli wote kwamba hana kiu. Ongeza joto la Tsavo saa tisa alasiri na utaelewa jinsi safari inavyoweza kumwangusha mtu aliyeondoka nyumbani akiwa mzima. Dalili ni mdomo mkavu, mkojo kidogo wenye rangi ya chai ya rangi, kizunguzungu anaposimama, na baadaye maneno yasiyofuatana.

Jambo la pili ni kwamba mara nyingi mzazi hanywi kwa makusudi. Ikiwa dereva ni mwanawe wa kiume, ataona haya. Ikiwa dereva ni mkwe wake, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu katika jamii zetu kadhaa, hasa za magharibi mwa Kenya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hutengwa na heshima kubwa. Hawali meza moja, sembuse kuzungumzia choo. Nimewaona wagonjwa waliokaa saa tisa ndani ya gari bila kutamka neno.

Ushauri wangu ni kwamba umchukue mjukuu. Kati ya nyanya na mjukuu kuna utani ambao wewe mtoto huna. Binti wa miaka 14 au 15 anatosha, na umweleze kazi yake kabla ya safari. Asimwulize nyanya kama anataka kwenda haja, kwani jibu litakuwa hapana. Gari likisimama, yeye ndiye aseme, "Nyanya, naogopa kwenda peke yangu, nisindikize." Kama hakuna mjukuu, tafuta dada au shangazi. Baba mzee naye asindikizwe na mjukuu wa kiume.

Maji yanywewe kidogo kidogo, mafunda machache kila nusu saa, si chupa nzima kwa mkupuo. Ikiwa mzazi ana maradhi ya moyo au figo na daktari amempimia kiasi cha maji kwa siku, fuata kipimo hicho. Panga mapema mahali pa kusimama, na uchague vituo vikubwa vya mafuta au hoteli zenye choo safi. Mwenye magoti mabovu hawezi kuchutama, kwa hiyo ulizia choo cha kukalia. Ndani ya gari weka leso mbili na kopo lenye kifuniko. Nepi za watu wazima si aibu, ila zisiwe kisingizio cha kutosimama.

MIGUU ISIYOSOGEA

Mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza matokeo ya utafiti wake kuhusu wasafiri: anayekaa safarini kwa saa nne au zaidi bila kusogea, awe ndani ya ndege, gari, basi au treni, hatari yake ya damu kuganda katika mishipa huongezeka karibu maradufu. Kwa kijana mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo hata ikiongezeka hivyo. Kwa mzee si ndogo, hasa aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, mwenye saratani, mnene kupita kiasi, au aliyewahi kuganda damu hapo awali.

Mguu unapotembea, misuli ya shavu la mguu huisukuma damu irudi juu kuelekea moyoni. Ukikaa, goti limekunjwa na kikapu cha viazi kimebanwa miguuni, pampu hiyo imezimwa. Damu hutulia na kuganda. Kipande kikikatika husafiri hadi kwenye mapafu, na hicho ndicho kinachoua.

Basi simama kila baada ya saa mbili. Atembee hata kama ni kuzunguka gari mara tatu. Akiwa amekaa, apige vidole vya miguu juu na chini kama anayecheza ngoma akiwa kitini. Usimwekee mizigo miguuni, hata kama nafasi ni finyu. Afadhali godoro lifuate kwa lori. Kabla ya kushuka, akae kwanza mlangoni nyayo zikiwa chini kwa dakika mbili, kwa sababu presha hushuka ghafla anaposimama, na wengi huanguka papo hapo. Wapo wanaokimbilia aspirini eti kuyeyusha damu. Usimpe bila daktari kukubali, kwani inaweza kusababisha kutokwa na damu tumboni.

Tena usifikiri ukifika salama hatari imekwisha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akishikwa ghafla na pumzi fupi na maumivu ya kifua, hata ikiwa ni wiki mbili baada ya safari, mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo na umweleze daktari kwamba alisafiri.

Kwa nini hata uende kwa siku moja? Lala Nakuru au Nairobi. Kutoka Nairobi unaweza pia kumpandisha treni ya SGR, ambayo hubeba abiria hadi Mombasa tangu 2017. Ina choo na nafasi ya kutembea, ingawa vituo vyenyewe ni vikubwa na miguu mibovu itahitaji msaada. Kumbuka vilevile kwamba barabara ya kutoka Eldoret hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha unashuka hadi pwani. Alfajiri anahitaji blanketi, alasiri anahitaji gauni jepesi. Mwenye moyo dhaifu au mapafu mabovu aonwe na daktari kabla ya kupandishwa huko, maana hewa ni nyepesi.

DAWA ZAKE

Kosa langu la dawa ya maji hulifanya wengi, na wengine hufanya kinyume chake: humwachisha mzazi dawa zote "mpaka tufike". Yote mawili ni mabaya. Lasix, kwa mfano, huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa saa sita hivi. Mwulize daktari wake kama siku ya safari anaweza kuinywa baada ya kufika. Dawa nyingine za presha, moyo na kifafa aendelee nazo kwa saa zake.

Mwenye kisukari asidungwe insulini mpaka chakula kiwe mbele yake, kwa sababu foleni ya malori haijui saa ya chakula chako. Akianza kutetemeka, kutoa jasho jingi na kuzungumza ovyo, mpe soda yenye sukari au maji ya sukari mara moja, mradi bado anaweza kumeza. Akiwa amezirai usimmiminie kitu mdomoni; kimbia hospitali iliyo karibu. Insulini yenyewe isiwekwe kwenye buti wala mbele ya kioo. Iweke ndani ya kisanduku cha baridi, imefungwa kitambaa, isigusane na barafu.

Kuna dawa moja nataka kuitaja kwa jina, nayo ni Piriton. Watu humpa mzee ili asitapike au alale njiani. Nilimpokea mzee wa miaka 78 aliyeletwa kutoka Kisii kwa basi la usiku, akiwa amepewa vidonge vinne. Usiku wa pili nyumbani kwa mwanawe alianza kupiga kelele, akiwafukuza ng'ombe wasiokuwepo. Familia ilikuwa tayari imemtaja jirani wa kule nyumbani aliyemroga. Nilipopapasa tumbo nikakuta kibofu kimejaa hadi karibu na kitovu. Tezi lake lilikuwa limevimba kwa umri, na dawa ile ilikuwa imefunga mkojo kabisa. Tuliweka mpira, ikatoka zaidi ya lita moja. Kesho yake jioni alitaka kusikiliza taarifa ya habari.

SIKU ZA KWANZA

Kuchanganyikiwa kwa namna hiyo ndiko ninakoombwa kueleza mara nyingi. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Huku kwingine huja kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka, na huzidi usiku. Chanzo karibu kila mara ni kitu cha mwilini: upungufu wa maji, mkojo uliofungwa, choo kigumu cha siku tano, homa ya mapafu, malaria, sukari iliyoshuka, au dawa. Kuhama kwenyewe humfanya mzee ashikwe kwa urahisi zaidi, kwa sababu macho na miguu vilizoea nyumba nyingine. Usimfunge kamba, usimpe dawa ya usingizi, usimwite mtu wa kuagua. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo.

Unaweza kuzuia mengi. Amka nyumbani kwake kabla ya kuhama na utazame: hushukia upande gani wa kitanda? Mlango uko wapi? Mama yangu kwa miaka 40 aliamka saa tisa usiku, akashukia kushoto na kutoka nje. Kwangu kushoto palikuwa na ukuta. Geuza kitanda, acha taa ndogo ikiwaka hadi chooni, na uondoe mikeka midogo inayoteleza kwenye sakafu ya vigae. Mletee kigoda chake na blanketi lake kuukuu, usimnunulie jipya wiki hiyo. Miwani iwe karibu na mto.

Akitoka mahali pa baridi kama Nyahururu au Kinangop na kuja Mombasa au Kisumu, mwili wake hauna kinga dhidi ya malaria. Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe bila kungoja kesho.

Hapa naomba nikuulize jambo lisilo la dawa. Nani aliamua ahame? Nimeona wazee waliopakiwa ndani ya gari siku tatu baada ya kumzika mwenzao, kwa sababu watoto walikuwa wanarudi kazini. Wengi wao hula kidogo, hulala kidogo na hukonda, na hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha kitu. Ikiwezekana mtu akae naye nyumbani miezi michache, kisha aje kwako kwa kutembelea tu, aone chumba, arudi, ndipo mzungumze.

Kabla hamjaondoka, pitia kliniki yake ya zamani upate barua ya maradhi na dawa zake, na uhakikishe amesajiliwa kwa jina lake katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Ndani ya wiki mbili mpeleke kwa daktari wa huko alikohamia, na ubebe dawa zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na za miti shamba, ambazo hatakuonyesha usipomwuliza kwa upole. Mama alikuwa na chupa mbili za dawa ya mizizi zilizofukiwa ndani ya kikapu cha wimbi, na mimi daktari nilizigundua mwezi wa pili.